Muulize Daktari: Weupe umeleta kifafa, au kifafa kimeleta weupe?

Barua nyingi za mwezi huu ni za kifafa. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu swali lake naulizwa kila mara na watu wanaorudi kutoka Mwanza na bahasha kubwa ya picha za ubongo mkononi, ndani yake karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyekaa nao kuwasomea. Majina nimeyaficha, kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunalima tumbaku hapa Urambo. Mwanangu wa tatu ana miaka tisa. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua malaria kali, akashikwa na degedege, akalala bila fahamu siku mbili, akapona. Alipofika miaka sita kikaanza kifafa. Amekuwa akimeza fenobabitoni za zahanati na zilimkubali. Mwezi wa pili mvua ziliharibu barabara, dawa zikaisha, tukakaa zaidi ya wiki bila. Jioni moja akaanguka karibu na bani, banda la kukaushia tumbaku. Bibi yake akasema tusimguse mpaka kipite, akamfukizia moshi wa mavi ya tembo. Hakikupita. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia huku anatetemeka, mpaka kituo cha afya. Nesi akamchoma sindano, ikatulia, ikarudi, akachomwa nyingine. Baba yake anasema ilikaribia saa nzima. Alizinduka kesho yake, mkono wa kulia hauinuki, kisha ukarudi wenyewe kabla jua halijazama.

Tulipewa rufaa, akapigwa MRI Mwanza siku ya tano. Majibu yanasema kuna weupe upande wa kushoto, kwenye hipokampasi na nyuma ya thalamasi, na kwamba picha irudiwe baada ya wiki sita hadi nane. Shemeji yangu, dereva wa lori, aliiinua ile picha juani akasema huu ni uvimbe, tuuze tumbaku yote mtoto apelekwe India. Jirani anasema ni kiharusi kwa sababu ya ule mkono. Mama mkwe naye ana lake. Mtoto mwenyewe anakula na anacheza, ila ukimtuma dukani chumvi na sabuni anarudi na kimoja. Naomba unieleze: huo weupe ndio ulioleta kifafa, au kifafa ndicho kilicholeta weupe? Na je, tuuze tumbaku?
Mama, Urambo

JIBU: Marahaba, mama. Mwangaluka na nyote huko Urambo.

Tumbaku iacheni kwanza. Kwa maelezo yako, na kwa namna mtaalamu wa picha alivyoyaandika majibu yake, huo weupe una kila dalili ya kuwa umeachwa na kifafa chenyewe cha jioni ile. Nasema dalili kwa makusudi, maana picha ya pili ndiyo itakayokata shauri, na ndiyo sababu imeagizwa. Mwambie shemeji, kwa upole, kwamba yule aliyeandika majibu alikiona alichokiona yeye juani na vingine zaidi, na hakuandika uvimbe.

Ngoja nikueleze kinachotokea humo ndani. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na ili umeme huo uwepo, kila seli ina vipampu vidogo vinavyotoa chumvi ya sodiamu nje usiku na mchana. Pampu hizo hula nguvu nyingi: sukari na oksijeni. Kifafa kikishika, maelfu ya seli hupiga umeme kwa pamoja bila kupumzika, na matumizi hupanda ghafla. Dakika za mwanzo mwili hujitahidi: moyo unakimbia, presha inapanda, damu nyingi inasukumwa kichwani. Kikiendelea, mwili unachoka. Joto limepanda, pumzi haitoshi, presha inaanza kushuka, sukari nayo inaweza kushuka, na ubongo bado unadai. Hapo pampu zinazidiwa. Sodiamu inabaki ndani ya seli, maji yanaifuata, seli inavimba. Juu ya hapo kuna kemikali iitwayo glutameti ambayo seli hutumia kuamshana. Ikimwagika kupita kiasi hufungua mlango kwa kalsiamu, na kalsiamu ikizidi ndani huiua seli.

MRI ni sumaku kubwa inayosoma maji ya mwilini. Kati ya picha inazopiga, ipo inayoonyesha maji yanavyotembea. Yakinaswa ndani ya seli zilizovimba hayatembei vizuri, na mahali pale panatokea peupe. Ipo nyingine inayoonyesha maji yalipozidi, nayo hung'aa vilevile. Ndio weupe wa mwanao.

Seli za hipokampasi, kipande kidogo kilichojikunja ndani ya ubongo usawa wa sikio, ni nyepesi kudhurika. Nyuma ya thalamasi, kituo cha kupitishia taarifa katikati ya ubongo, napo pameunganishwa kwa nyuzi nyingi na ngozi ya juu ya ubongo, na umeme wa kifafa huzunguka hapo kwenda na kurudi. Nikisoma majibu yanayotaja sehemu hizo mbili pamoja, upande mmoja, kwa mgonjwa aliyetetemeka karibu saa nzima, kitu cha kwanza kunijia akilini ni kile kile kifafa.

Jirani yenu na kiharusi chake hajasema upuuzi, maana kiharusi kipya nacho huwa cheupe kwenye picha zile zile. Lakini kiharusi hufuata mshipa: mshipa ukiziba, eneo lote linalolishwa na mshipa huo ndilo huumia, na mpaka wake unajulikana. Weupe wa kifafa hauheshimu mipaka ya mishipa, na mara nyingi picha zikipigwa mapema damu huonekana imeongezeka mahali pale badala ya kukatika. Ule mkono una maelezo yake. Robert Bentley Todd, daktari wa London wa karne ya 19, aliueleza udhaifu wa aina hiyo, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kiungo hulegea baada ya kifafa, kwa saa chache au siku moja na kidogo, kisha hurudi. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono wa kulia, kwa hiyo mkono na picha vinasema lugha moja.

Uvimbe wa kuota nao una tabia zake. Kwa kawaida husukuma vilivyo jirani, na baada ya wiki nane utaukuta pale pale au umekua. Weupe wa kifafa hupungua. Ule unaoonyesha maji yaliyonaswa huanza kuonekana ndani ya saa chache na kwa wengi hufifia ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Ule wa maji kuzidi huchukua wiki zaidi. Ndiyo maana hamkuambiwa mrudi kesho.

Kuna jambo moja hukuliandika na nataka uliulize kliniki: je, mtoto alikuwa na homa kabla ya kuanguka, na je, alichukuliwa maji ya uti wa mgongo? Virusi vya herpes vikiingia kwenye ubongo hupenda sehemu hiyo hiyo, na picha inaweza kufanana. Kwa kuwa mwanao anacheza na hana homa, na dawa zake zilikuwa zimekatika, mimi sina wasiwasi mkubwa. Ila mtoto mwenye homa, kifafa kirefu na weupe upande mmoja lazima apimwe maji hayo. Najua huku kwetu watu wanakiogopa kile kipimo, wanasema kinapoozesha. Hakipoozeshi. Sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia.

Sasa swali lako la nani alimtangulia nani. Umewauliza madaktari swali lililowakalisha zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1880 Wilhelm Sommer, daktari Mjerumani, aliandika kuhusu bongo za watu waliokufa wakiwa na kifafa, akakuta sehemu fulani ya hipokampasi imesinyaa na seli zake zimekwisha. Mpaka leo sehemu hiyo inaitwa kwa jina lake. Wengine wakasema kovu hilo ndilo mama wa kifafa, wengine wakasema ni mtoto wake. Mwaka 1973 Brian Meldrum na wenzake, Uingereza, waliwasababishia nyani kifafa cha muda mrefu. Bongo zikaumia. Wakarudia kwa nyani waliolegezwa misuli na kupumulishwa kwa mashine, ili isisemwe kwamba tatizo ni pumzi na kutupa viungo. Hipokampasi ziliumia hata hivyo. Maana yake ule umeme peke yake, bila mwili kutetemeka, unatosha kudhuru.

Kwa watoto wa binadamu, utafiti mkubwa ulifanywa Marekani kwa waliopata degedege refu la homa. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalihusu watoto 226 waliopigwa MRI ndani ya siku chache. Kati yao, 22 walikuwa na weupe kwenye hipokampasi. Waliofuatiliwa kwa picha nyingine kati ya hao walikuwa 14, na 10 wakakutwa na kovu mwaka mmoja baadaye. Zingatia pande zote mbili, mama. Wengi kabisa hawakuwa na weupe wowote. Lakini waliokuwa nao pale hasa, wengi wa waliorudi kupigwa picha walibaki na alama. Hao walikuwa wadogo kuliko wako, tena ni degedege la homa, kwa hiyo usizichukue hesabu zao ukamvisha mwanao. Nimekupa ujue kwa nini nakazania ile picha ya pili.

Kwa mwanao mimi naona mnyororo, na pete yake ya kwanza ni ile malaria aliyougua akiwa na miaka mitatu. Huko Blantyre, Malawi, watoto 132 walionusurika malaria ya kichwani walifuatiliwa. 12 wakapata kifafa baadaye, wakati kati ya watoto 264 wa kulinganisha hakuna hata mmoja. Sisi wa magharibi mwa Tanzania hatuna haja ya kushangaa. Mwaka 2017 upimaji wa kitaifa ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma ana vimelea vya malaria, na mwaka 2022 Tabora yetu ndiyo ikashika nafasi hiyo ya aibu. Basi inawezekana sana malaria iliacha kidonda, kidonda kikaleta kifafa, dawa zikakatika, kifafa kikakaa saa nzima, na saa hiyo ikaleta weupe. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba kifafa kimeleta weupe huu, na weupe huu usipoisha unaweza nao kukikoleza kifafa.

Kuhusu kusahau sabuni. Hipokampasi ndiyo ofisi ya kumbukumbu mpya, na ile ya kushoto kwa watu wengi hushughulika zaidi na maneno, kama vile orodha ya dukani. Kwa hiyo siwezi kukuambia ni utukutu. Lakini fenobabitoni nayo huwapumbaza baadhi ya watoto, na ubongo uliotoka kwenye kifafa kirefu huchukua wiki kadhaa kutulia. Mpe kitu kimoja kimoja, au mwandikie kikaratasi. Mwalimu wake aambiwe, asichapwe kwa kusahau. Akimaliza miezi mitatu bado yuko vile vile, mwambie daktari wa kliniki, ili waangalie kama kuna dawa nyingine ya kumfaa. Usiibadilishe wala kuikatiza mwenyewe! Fenobabitoni ikikatizwa ghafla ndiyo njia fupi kuliko zote ya kufika kwenye kifafa kisichokatika, na ndiyo iliyowafikisha ninyi.

Mkienda kwenye picha ya pili, chukua ile ya kwanza, karatasi na sidii yake, maana kulinganisha ndiko kazi yenyewe. Waombe kwenye fomu iandikwe kwamba mtoto ana kifafa na hipokampasi ndiyo inayotafutwa, ili zipigwe picha nyembamba za sehemu hiyo. Bila kuandikwa hivyo watapiga za kawaida na kovu dogo linaweza kupita. Mashine haina mionzi, ila ina kelele kama ya nyundo juu ya bati na mtoto lazima atulie kama gogo. Mzoeshe nyumbani kulala bila kujitikisa. Na kama ana hirizi kiunoni yenye kasha la chuma au bati, ivueni nyumbani kabla ya safari. Nimewahi kuona familia imegoma mlangoni pa chumba cha sumaku kwa ajili ya hirizi, bibi hakubali kuikata kamba, foleni nyuma imesimama. Hilo lizungumzeni na mama mkwe mapema, kwa heshima, siku mbili tatu kabla.

Na kwa kuwa tumemfikia mama mkwe. Sina ugomvi naye. Alifanya alichofanya mama yake. Lakini moshi ule wa mavi ya tembo uliwala dakika, na dakika ndizo zilizokuwa dawa. Shirikisho la Kimataifa Dhidi ya Kifafa liliweka mwaka 2015 mipaka miwili kwa kifafa cha kutetemeka mwili mzima: dakika 5, ambapo hakitarajiwi tena kukatika chenyewe, na dakika 30, ambapo madhara ya kudumu yanaanza kuwa ya kweli. Ninyi wapikaji wa tumbaku mnalijua hili kuliko mimi: moto wa bani ukizidi kidogo ukawahiwa, majani yanapona; ukiachwa usiku kucha hakuna wa kuyarudishia rangi.

Kwa hiyo mtoto akianguka, mmoja atazame saa ya simu hapo hapo. Mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimnyweshe kitu. Ikifika dakika tano hakijakatika, dawa. Zungumza na kliniki mpewe diazepamu ya kumwekea njia ya haja kubwa, mfundishwe, na kipimo kiandikwe kwenye kadi yake kulingana na kilo zake, kwa sababu ikizidi inaweza kumzuia kupumua. Hata ikimtuliza, mpelekeni. Na yale maneno kwamba mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, yaishie kwenye kizazi hiki. Aliyechelewa kuchomwa ndiye anayekufa, halafu sindano inasingiziwa.

Dawa za mwezi mzima ziwe ndani kabla mvua hazijaanza. Hela za tumbaku, kama mnataka kuzitumia kwa mtoto, anzieni hapo. Nauli ya Mwanza ifuate. India nimeshasahau kama uliitaja.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kasulu. Kuna msichana wa darasa la tano ambaye haanguki wala hatetemeki, ila huganda anatazama ukuta, anatafuna-tafuna mdomo wakati hana kitu, anachezea kifungo cha sare. Kawaida ni dakika moja. Juzi ilianza kipindi cha kwanza na mpaka mapumziko alikuwa bado hajarudi sawasawa, ukimwita anajibu nusu. Wenzake wanasema ana mashetani. Je, hiki nacho ni kifafa, na kinaweza kuacha alama kichwani?
Mwalimu, Kasulu

JIBU: Mwalimu, macho yako ni mazuri, hicho kifungo cha sare kimeniambia mengi. Maelezo yako yanafanana sana na kifafa cha sehemu moja ya ubongo, mara nyingi ile ya pembeni karibu na hipokampasi, na kile cha juzi kinaweza kuwa kifafa kilichoendelea bila mtetemeko. Watu hawakimbizi mgonjwa wa namna hii hospitali kwa sababu hatoi povu. Hakina kasi ya madhara kama kile cha mwili mzima, lakini kikikaa muda mrefu nacho huweza kuonekana kwenye MRI na nacho huweza kudhuru kumbukumbu.

Mpeleke pamoja na mzazi wake, na uende wewe mwenyewe au uandike barua, maana wewe ndiye uliyeona. Mzazi atasema mtoto huwa anaduwaa tu. Ukiweza kumrekodi kwa simu siku nyingine, kwa idhini ya wazazi, video ya nusu dakika itamsaidia daktari kuliko maelezo ya ukurasa mzima; hakikisha tu haiingii kwenye makundi ya WhatsApp. Kipimo anachohitaji kwanza ni EEG, kinachosoma umeme wa ubongo. Ikitokea tena akakaa zaidi ya dakika kumi hajarudi, ni dharura, usisubiri kengele ya mapumziko. Wenzake waambie jina la ugonjwa na kwamba hauambukizi. Watoto wa darasa la tano wakielezwa wanaelewa haraka kuliko walimu wenzako.

SWALI: Kaka yangu ana kifafa miaka mingi. Tumempiga CT scan, majibu yanasema ubongo ni safi. Sasa ndugu wanasema anajifanya ili asiende ziwani. Ni kweli?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Si kweli. CT scan huona vizuri damu iliyovuja, mfupa uliovunjika na uvimbe mkubwa. Kovu dogo la hipokampasi huwa linaipita. Hata MRI hutoka safi kwa wagonjwa wengi wa kifafa cha kweli. Kifafa hutambuliwa kwa maelezo ya waliomwona akianguka, picha ni ya kutafuta chanzo.

Na hao ndugu wamenipa hoja dhidi yao wenyewe. Kuvua dagaa ni kazi ya kukesha, na kukosa usingizi ni kichocheo kinachojulikana cha kifafa. Mtu wa kifafa aliyekesha, juu ya mtumbwi, gizani, Tanganyika ikiwa chini yake, hahitaji dakika tano. Moja inatosha kumzamisha. Asiende ziwani mpaka kifafa chake kitulizwe na daktari wake akubali, na hata hapo asiende peke yake wala bila jaketi la kuokolea. Kwa sasa apewe kazi ya kuanika na kufungasha mchana, alipwe sawa na wengine.